Nusu Saa Kabla ya Kisu: Tiba ya Mazoezi na Upasuaji katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Watu wengi huuhesabu upasuaji kuwa tukio la saa moja au mbili linalofanyika katika chumba kilichofungwa, ilhali kwa mwili wa mgonjwa tukio hilo huanza siku, pengine wiki, kabla ya dawa ya usingizi, na huendelea kwa miezi baada ya nyuzi kutolewa. Katika kipindi hicho kirefu ndimo ilimo tiba ya mazoezi, au fiziotherapia, yaani taaluma ya kutumia mwendo, mkao, pumzi na mikono ya mtaalamu ili kuurudishia mwili uwezo wa kufanya kazi zake. Wizara ya Afya ya Tanzania huiweka taaluma hii ndani ya kundi pana la huduma za utengamao, ambazo hupimwa kwa kuangalia kama mtu amerejea kwenye kazi na maisha yake, hata pale ambapo kidonda kimekwisha kupona. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika Mkoa wa Kigoma, ambako nafasi ya kupasuliwa imepanuka kwa kiasi kikubwa katika miongo miwili iliyopita, sehemu ya matibabu iliyo nafuu kuliko zote ndiyo inayopewa muda mdogo kuliko zote, na kwamba sehemu hiyo inaweza kupatikana bila kusubiri majengo wala mashine.

Uzito wa jambo hili huonekana likitazamwa kwenye ramani. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa ukiwa na watu 2,470,967, waliotawanyika kutoka Kakonko na Kibondo upande wa kaskazini hadi Kalya na Sibwesa kusini mwa mwambao. Wanaohitaji upasuaji mkubwa huelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni iliyoko Kigoma mjini, au hospitali za madhehebu ya dini kama vile Baptist mjini humo, Kabanga iliyoko Kasulu na Heri iliyoko Buhigwe. Na wanaoshindikana huko hupelekwa Bugando mjini Mwanza au Muhimbili jijini Dar es Salaam, mwisho wa reli yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,200. Mgonjwa anayetoka Buhingu au Sigunga hurudi kwao kwa mtumbwi wa injini, akiwa amekaa juu ya ubao kwa saa nyingi, na aghalabu hatamwona tena mtaalamu aliyemtibu. Kwa mtu wa namna hiyo, alichofundishwa wodini ndicho pekee atakachosafiri nacho, na kama hakufundishwa kitu, amepewa nusu ya matibabu.

Kigoma si mgeni wa wazo kwamba matokeo ya upasuaji hubadilishwa na mpangilio wa kazi kuliko wingi wa vifaa. Kati ya mwaka 1984 na 1991, chini ya uongozi wa Dkt. Godfrey Mbaruku, hospitali ya mkoa ilitekeleza hatua 22 ambazo nyingi zilikuwa za gharama ndogo na zilitegemea rasilimali zilizokuwapo, usimamizi wa karibu na ari ya wafanyakazi. Vifo vya akina mama vikashuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Matokeo hayo, aliyoyachapisha mwaka 1995 pamoja na Staffan Bergström, yanastahili kukumbukwa zaidi ya yanavyokumbukwa sasa. Mwaka 2009 utafiti mwingine, uliofanywa katika hospitali za ngazi ya wilaya za Mwanza na Kigoma, ulionyesha kwamba upasuaji wa dharura wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi, yaani matabibu waliopata mafunzo mafupi kuliko ya shahada ya udaktari, haukuwa na tofauti ya maana na ule wa madaktari wenye shahada. Kwa msingi wa ushahidi wa aina hiyo, na kwa ufadhili wa Bloomberg Philanthropies ulioanza mwaka 2006, vituo kadhaa vya afya vya vijijini mkoani Kigoma viliwezeshwa kufanya upasuaji wa uzazi. Kisu kikasogezwa karibu na mama, nalo likawa jambo jema lisilo na shaka. Lakini mtaalamu wa mazoezi hakusogea pamoja nacho, kwa kuwa mpaka leo wataalamu hao ni wachache na wengi wao wako katika hospitali kubwa.

Ili kuelewa kinachokosekana, ni lazima kuanza na mapafu. Mtu aliyepasuliwa tumbo huamka akiwa na maumivu ambayo humfanya apumue kwa juu juu, ajizuie kukohoa na alale chali bila kujigeuza. Dawa ya usingizi nayo huwa imelegeza kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo na ambao ndio mvutaji mkuu wa pumzi. Vifuko vidogo vya hewa vilivyo sehemu ya chini ya mapafu husinyaa, makohozi hubaki yalipo, na vijidudu hupata mahali pa kuzaliana. Baada ya siku mbili au tatu huanza homa na kubanwa kifua, na mgonjwa aliyepona ugonjwa uliomleta hospitali hujikuta akipigania uhai kwa sababu ya nimonia. Miguu nayo ina hatari yake. Misuli ya vigimbi, yaani nyama za nyuma ya mguu chini ya goti, kila inapojikaza huisukuma damu kurudi kuelekea moyoni, na inapokaa kimya kwa siku nyingi damu huenda taratibu na huweza kuganda; donge likikatika na kusafiri hadi kwenye mapafu, mtu huweza kufa ghafla akiwa amekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani. Utumbo hukawia kuamka, misuli ya mapaja hupungua, na kwa wazee ngozi ya makalio na visigino huanza kufanya vidonda vya kulalia.

Karibu hatari zote hizi hupunguzwa na mwendo, na ushahidi ulio wazi kuliko mwingi unahusu mafunzo yanayotolewa kabla ya upasuaji. Mwaka 2018 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha jaribio lililoongozwa na Ianthe Boden katika hospitali tatu za Australia na New Zealand, likihusisha watu 441 waliokuwa wakisubiri kupasuliwa sehemu ya juu ya tumbo. Wote walipewa kijitabu cha maelezo, lakini nusu yao waliongezewa kikao kimoja cha nusu saa na mtaalamu wa fiziotherapia, aliyewaeleza jinsi mapafu yanavyoharibika baada ya upasuaji na kuwafundisha kuvuta pumzi ndefu na kukohoa mara kadhaa kila saa, kuanzia pale watakapozinduka. Katika kundi lililopata kijitabu peke yake, watu 27 kati ya kila 100 walipata matatizo ya mapafu. Katika kundi lililopata kikao, ni 12. Hapakuwa na mashine wala dawa mpya, na kikao hakikurudiwa. Kilichofanya kazi ni kwamba mgonjwa alifundishwa akiwa bado mzima wa akili, hana maumivu wala usingizi wa dawa, akaelewa sababu, na alipozinduka alikuwa tayari anajua la kufanya hata kabla muuguzi hajamfikia.

Takwimu za Australia haziwezi kuhamishiwa Kigoma zilivyo. Waliohusika katika jaribio hilo walikuwa wamepangiwa upasuaji mapema, katika hospitali zenye wauguzi wa kutosha na dawa za maumivu za uhakika, na umri wao ulikuwa mkubwa. Barani Afrika sura ni nyingine. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 25 za bara hili na kuchapishwa na jarida la The Lancet mwaka huohuo wa 2018, ukiwa umefuatilia wagonjwa 11,422 katika hospitali 247, uligundua kwamba wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana zaidi na wenye maradhi machache ya ziada kuliko wagonjwa wa kwingineko, lakini uwezekano wao wa kufa baada ya upasuaji ulikuwa mara mbili ya wastani wa dunia. Karibu mmoja kati ya watano alipata tatizo, na zaidi ya nusu ya upasuaji wote ulikuwa wa dharura. Jambo linalopaswa kuusumbua moyo wa msomaji ni kwamba walio wengi kati ya waliofariki hawakufia mezani. Walifia baadaye, wodini, katika siku ambazo jamaa walikuwa wamekwisha kushukuru kwamba kazi imekwenda vizuri. Kwa hiyo kama kuna mahali ambapo pumzi ndefu, kujigeuza na kuinuka mapema vina thamani, ni katika wodi ambayo muuguzi mmoja anahudumia wagonjwa wengi na hawezi kuona kila aliyeanza kubadilika.

Udharura wenyewe hauondoi nafasi ya mafunzo, huifupisha tu. Mwanamke anayekimbizwa chumba cha upasuaji kwa sababu mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka hana nusu saa, na kumwekea somo wakati huo ni kumkosea. Mgonjwa wa kidole tumbo anayesubiri damu ipimwe ana dakika kumi, nazo zinatosha kwa mambo matatu: kuvuta pumzi taratibu hadi mbavu za chini zitanuke, kukohoa huku amekandamiza mto au kanga iliyokunjwa juu ya mahali pa kidonda, na kuamka kwa kujigeuzia ubavu kwanza kisha kujiinua kwa mikono badala ya kujikunja kwa nguvu za tumbo. Kwa yule ambaye hakupata hata dakika hizo, somo hutolewa asubuhi inayofuata, dawa ya maumivu ikiwa imekwisha kufanya kazi, kwa sababu mazoezi bila dawa ya maumivu ni mateso, na mgonjwa atayaacha mara tu mtaalamu atakapogeuza mgongo.

Upasuaji unaofanyika kwa wingi zaidi katika ukanda huu ni wa kumtoa mtoto, na hapo ndipo tiba ya mazoezi inapokutana na mila ambazo Ujiji, pembeni mwa Kigoma mjini, imezihifadhi tangu enzi za misafara ya pwani. Mzazi hukaa ndani siku arobaini, huhudumiwa na mama yake, shangazi au mkwe, hukandwa kwa maji ya moto, na hufungwa mkaja tumboni. Mila hii ina hekima kubwa, kwa maana humpa mama mapumziko, chakula na watu wa kumtazama, mambo ambayo wanawake wengi wa nchi tajiri huyakosa. Kuidharau kungekuwa upumbavu na kungemfanya mkunga apoteze masikio ya familia. Lakini ilijengwa kwa ajili ya mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida, na mama aliyepasuliwa ana mahitaji tofauti. Damu ya mjamzito na ya mzazi huganda kwa urahisi kuliko ya mtu mwingine, upasuaji huongeza hatari hiyo, na kulala kitandani siku nzima huiongeza tena. Anatakiwa asimame na kutembea hatua chache ganzi ikishaisha, ndani ya siku ya kwanza, na kukaa ndani siku arobaini hakumzuii kutembea chumbani na uani mara kadhaa kwa siku.

Kukandwa ndiko kunakohitaji maelezo ya makini zaidi. Ngozi inayozunguka mshono hupoteza hisia kwa wiki nyingi kwa sababu vijishipa vya fahamu vimekatwa, hivyo mama anaweza kuunguzwa na kitambaa cha moto bila kujua, na kidonda kinacholoweshwa kila siku hukawia kufunga. Mguu mmoja uliovimba na kuuma haupaswi kukandwa hata kidogo, kwa kuwa huenda una donge la damu ambalo mikono italing'oa na kulisukuma kuelekea mapafuni. Huyo ni wa kurudishwa hospitali siku hiyohiyo. Mkaja, kinyume chake, unaweza kuachwa, mradi ufungwe kwa wastani na usimzuie mama kuvuta pumzi ndefu, kwani kitambaa kinachoshikilia tumbo humpa ujasiri wa kukohoa na kusimama. Ushauri wa namna hii hauna budi kutolewa kwa mzazi na kwa bibi anayemkanda kwa pamoja, kabla hawajaondoka wodini, kwa sababu nyumbani bibi ndiye mwenye neno la mwisho. Kwa wanawake wanaofanyiwa upasuaji wa fistula, yaani tundu linalotokana na uchungu wa muda mrefu na kusababisha mkojo au kinyesi kuvuja, mazoezi ya misuli inayoshikilia kibofu na kizazi ni sehemu ya matibabu yenyewe, na baadhi yao huhitaji pia kufundishwa upya kutembea, kwa kuwa uchungu ulioharibu kibofu ulibana pia mishipa ya fahamu ya mguu hadi unyayo ukalegea.

Mifupa iliyovunjika inasimulia upande mwingine wa suala hili. Kigoma ni nchi ya mawese, na mkwezi wa mchikichi mrefu akianguka huvunjika paja, nyonga au uti wa mgongo. Bodaboda wameongeza idadi ya mapaja yaliyovunjika katika kila mkoa wa Tanzania, na barabara ya kwenda Mwandiga na Kasulu haikusazwa. Paja la mtu mzima hutibiwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuuvuta mguu kwa uzito unaoning'inizwa mwisho wa kitanda kwa wiki nyingi hadi mfupa uunge. Ya pili ni kuwekewa chuma kirefu ndani ya uwazi wa mfupa, ambacho huubeba uzito wa mwili mapema. Shirika la SIGN la Marekani, lililoasisiwa na daktari wa mifupa Lewis Zirkle, hutoa vyuma vilivyobuniwa kuingizwa bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imevitumia kwa miaka mingi.

Hapa ndipo ilipo hoja ambayo vitabu vya Ulaya haviigusi. Huko, maandalizi ya mwili kabla ya upasuaji hupangwa kwa wiki kadhaa na mgonjwa huitwa kuja kufanya mazoezi. Katika hospitali za mikoani Tanzania wiki hizo zipo tayari bila kupangwa: mgonjwa analala akisubiri chuma, damu, fedha, au ujio wa daktari bingwa, na muda huo wote misuli ya paja inasinyaa, goti linakakamaa na mapafu yanadhoofika. Muda wa kungoja unaolalamikiwa na kila mtu ungeweza kufanywa muda wa maandalizi. George Perkins, daktari wa mifupa wa London, alionyesha katika karne iliyopita kwamba hata mguu unaovutwa kwa uzito unaweza kufanyiwa mazoezi, kwa kutumia kitanda ambacho sehemu yake ya chini huondolewa ili mgonjwa akae na kukunja goti kila siku huku mfupa ukiendelea kuunga. Njia yake iliingia katika hospitali nyingi za Afrika kwa sababu inahitaji seremala tu. Mgonjwa akikaza paja kwa kulikandamiza goti kwenye godoro, akichezesha kifundo cha mguu na kujiinua kwa mikono ili ayaandae mabega kwa magongo, siku ya chuma itamkuta akiwa na mwili unaoweza kusimama.

Baada ya chuma, lengo la mazoezi hutakiwa kutokana na maisha ya mtu mwenyewe. Katika nchi ambazo watu hukalia viti, goti linalokunjwa kwa pembe mraba huhesabiwa kuwa limefaulu. Ujiji goti hilo haliwezi kutumia choo cha kuchuchumaa, haliwezi kukaa jamvini, wala kufika sijida. Sharia ya Kiislamu humruhusu mgonjwa kuswali akiwa amekaa, au hata amelala, na mtaalamu anayelijua hilo atamwondolea mgonjwa wasiwasi wa wiki za kwanza, kisha atazifanya rukuu na sijida kuwa hatua za kupimia maendeleo yake. Mtandao wa madaktari wanaotumia vyuma vya SIGN una kipimo kinacholingana na maisha hayo: mgonjwa hupigwa picha akiwa amechuchumaa na kutabasamu, na kina cha kuchuchumaa kwake pamoja na sura yake humwonyesha daktari kama mfupa umeunga. Kipimo hicho kilijaribiwa kwa wagonjwa wa Dar es Salaam waliovunjika paja, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Mtu wa Kalya, ambaye nauli ya kwenda Kigoma na kurudi humpotezea mapato ya siku nyingi, anaweza kutuma picha hiyo kwa simu ya jirani.

Magongo nayo yanahitaji neno. Yanapokuwa marefu kupita kiasi, mtu huyategemea kwa kwapa na hubana mishipa ya fahamu hadi mikono ikafa ganzi. Yanatakiwa yaache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ubebwe na viganja. Seremala wa Gungu au Kibirizi anaweza kuyachonga, na mpira wa tairi kuukuu uliokatwa mpana mwishoni huyazuia yasizame katika mchanga wa ufukweni.

Waungaji wa mifupa wa jadi bado wanaaminiwa sana, na baadhi yao wana mikono mizuri kwa mivunjiko midogo. Madhara huja pale mguu unapofungwa vijiti kwa kukazwa mno, au unapokandwa kila siku hata mfupa ukakosa utulivu wa kuunga. Matokeo ya mfupa usiounga yaliwahi kuonekana Ujiji yenyewe. Mmisionari David Livingstone, aliyekutwa hapo na mwanahabari Stanley mwaka 1871, alikuwa ameumwa na simba mwaka 1844 na mfupa wa mkono wake wa kushoto wa juu haukuunga sawasawa. Ukabaki ukicheza mahali pasipo na kiungo, na mkono ukapungukiwa uwezo maisha yake yote. Alipofariki, na wafuasi wake Chuma na Susi walipoufikisha mwili wake pwani na ukapelekwa Uingereza mwaka 1874, daktari William Fergusson aliutambua kwa mfupa huohuo.

Mbali na mifupa, ngiri ya kinena huwapata wavuvi wanaovuta nyavu usiku kucha na wapagazi wa bandarini. Wengi wao huahirisha upasuaji kwa kuogopa kwamba watazuiwa kufanya kazi miezi mingi, hofu ambayo wakati mwingine hutokana na ushauri wa zamani. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 unasema kwamba baada ya upasuaji wa ngiri usio na matatizo mtu anaweza kurudia shughuli zake za kawaida mara anapojisikia vizuri, ingawa kuvuta jarife lenye dagaa hakulingani na shughuli ya ofisini, na ni busara kazi hiyo irudishwe kwa hatua. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho kingefaa kuwa msimu wa kuwapasua wavuvi wenye ngiri na kuwaimarisha, kwa kuwa mapato yao yamesimama kwa vyovyote, na idara za uvuvi na afya zingeweza kulitangaza hilo kwa pamoja kwenye mialo. Watoto walioungua kwa maji au mafuta ya moto nao hawawezi kuachwa nje ya hesabu: ngozi iliyopandikizwa hujivuta inapopona, na bila banzi la kuunyoosha mkono usiku na mazoezi ya kila siku kwa miezi, kiwiko kilichofunguliwa na daktari hujifunga tena.

Ni haki pia kusema yale ambayo tiba ya mazoezi haijathibitisha. Mazoezi ya wiki nyingi kabla ya kubadilishwa goti huleta faida ndogo tu. Mashine zinazokunja goti zenyewe baada ya upasuaji huo hazijaonyesha tofauti yenye maana kwa mgonjwa, na vifaa vya plastiki vya kupimia uvutaji wa pumzi havijaonyesha kuishinda pumzi ndefu inayovutwa bila kifaa. Kumpa mgonjwa glavu apulize, kama inavyofanywa katika wodi nyingi, humfundisha kutoa pumzi, ilhali kinachofungua vifuko vya hewa ni kuivuta na kuishikilia kidogo. Kwa hospitali ya mbali habari hii ni njema, kwa maana vifaa ambavyo haina uwezo wa kuvinunua, kwa sehemu kubwa, havihitajiki.

Kinachohitajika ni watu wenye jukumu lililotamkwa. Wataalamu wa fiziotherapia wanaosomea KCMC mjini Moshi na kwingineko hawatatosha hivi karibuni kukaa katika kila kituo chenye chumba cha upasuaji, na uzoefu wa madaktari wasaidizi mkoani Kigoma unaonyesha kwamba kazi iliyoelezwa vizuri, ikafundishwa na kusimamiwa, inaweza kugawanywa. Mtaalamu mmoja wa hospitali ya mkoa angefanya kazi kubwa zaidi kwa kuwafundisha wauguzi wa wilayani kikao cha nusu saa na kuwasimamia kwa simu, huku yeye akibaki na wagonjwa wagumu: waliovunjika uti wa mgongo, waliokatwa miguu, walioungua. Ndugu anayeuguza ndiye mfanyakazi mwingine ambaye wodi inamtegemea bila kumfundisha; kwa mapenzi yake humlisha mgonjwa, humwogesha na kumwambia atulie asijisumbue, na kwa mapenzi hayohayo, akielezwa, atamhimiza aketi, avute pumzi na atembee. Kambi za madaktari bingwa zinazozunguka katika hospitali za halmashauri tangu mwaka 2024 hufanya kazi kwa siku chache kisha huondoka, kwa hiyo kila kambi inapaswa kuwa na mtu wa mazoezi ndani ya msafara na kuacha maelekezo ya maandishi kwa kila aliyepasuliwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo itapimwa kwa jambo hili, kwani mtu aliyelipiwa chuma cha paja lakini hakulipiwa magongo na mazoezi amelipiwa matibabu ambayo huenda yasimrudishe kazini.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyojaribiwa katika hospitali nane duniani ikiwemo ya Mtakatifu Francis mjini Ifakara, ina vipengele 19 na imekwisha kuingia katika vyumba vya upasuaji vya Tanzania. Timu za afya za mkoa na za wilaya za Kigoma zina mamlaka ya kuongeza mstari mmoja katika fomu zao wenyewe, unaouliza kama mgonjwa na ndugu yake wamefundishwa kupumua, kukohoa, kuinuka na kutambua dalili za hatari, na kuacha nafasi ya saini ya aliyewafundisha. Hatua hiyo haisubiri bajeti, na haifai kusubiri. Hadi itakapochukuliwa, kila atakayeitwa kutia saini ridhaa ya kupasuliwa, yeye au mzazi wake au mwanawe, na aulize kabla ya kushika kalamu: afanye nini tangu leo, asimame lini, na nani atamfundisha.